Je, wajua? Andazi linakunywa mafuta likishatoka kwenye karai

Kwa miaka mingi mi nilikuwa naamini kwamba mafuta yanaingia kwenye andazi wakati linakaangwa, na moto ukiwa mkali ndo yanaingia zaidi, kwa hiyo mtu anayejali afya ya familia yake anashusha moto, anakaanga polepole, afu karibu na mwisho anaipua karai na kuviacha vitu vimalizikie humo humo kwa joto lililobaki. Nilifanya hivyo kwa maandazi, kwa muhogo, kwa bagia, na nikawa nawafundisha na wengine bila aibu. Jioni ukipita kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, ungenikuta nimekaa na karai langu kwenye moto wa huruma, najiona daktari kabisa. Kumbe karibu kila hatua niliyokuwa nafanya ilikuwa inaongeza mafuta.

Aliyenishtua ni mama mmoja anauza muhogo wa kukaanga kule Kibirizi, jirani na wanapoanika dagaa. Moto wake ni wa kutisha, karai linapiga kelele mpaka mnapandishiana sauti kuongea. Akiopoa vipande kwa kijiko cha matundu hapeleki kwenye sinia moja kwa moja, anavining'iniza palepale juu ya karai na kutikisa, anatikisa tena, kama mtu anayekung'uta mwavuli mlangoni. Nikamuuliza, mama, mbona unajichosha? Akasema, "Mafuta hela mwanangu, nikikuwekea na mafuta utakuwa umenunua vitu viwili kwa bei moja." Nikacheka, nikala. Muhogo ule haukuniachia utelezi vidoleni. Wa kwangu ukiuweka juu ya gazeti, baada ya muda unaweza kusoma habari za ukurasa wa pili bila kugeuza.

Hesabu yenyewe fupi tu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga ina 4, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Chipsi za kawaida, mafuta ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, zile krispi nyembamba za pakiti zinagonga theluthi nzima. Na kiazi ni kilekile! Tofauti ni mafuta yaliingiaje.

Sasa tuanze na yale mapovu. Ukitumbukiza kipande kwenye mafuta ya moto tunasema "mafuta yanachemka", lakini mafuta hayachemki, ingekuwa yanachemka usingekuwa umekaa hapo. Kinachochemka ni maji ya muhogo. Muhogo mbichi zaidi ya nusu yake ni maji, kiazi mviringo ni kama asilimia 79, donge la maandazi nalo lina maji yake na tui lake. Mafuta ya kukaangia yako kwenye nyuzi 170 au 180 hivi, na maji hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi kama 97 tu kwa sababu Kigoma tuko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji yanageuka mvuke papo hapo, na maji yakishakuwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Humo ndani hakuna nafasi hiyo. Yanatoka mbio, yanachimba vijia kwenye ganda kama vijia vya mchwa ndani ya kichuguu, na ndo hayo mapovu.

Fikiria treni ikishafika stesheni ya Kigoma. Mlango mmoja, abiria wanashuka na magunia, mabegi, kuku, mtoto mgongoni. Wewe uko chini unataka kupanda. Unapandaje? Hupandi, utasukumwa tu. Mafuta yako kwenye hali hiyohiyo, yamezunguka andazi pande zote, yanataka kuingia, ila mvuke unashuka kwa fujo na mlango ni huohuo mmoja. Muda wote ambao mapovu yanatoka kwa nguvu, mafuta yanayofanikiwa kupenya ni machache.

Halafu unaliopoa. Hapa ndo pazuri.

Andazi limetoka, juu yake kuna ngozi ya mafuta yanayong'aa, ndani kuna mvuke umejaa kwenye vijia. Linaanza kupoa. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, na yale maji yaliyokuwa yamejitanua mara 1,600 yanajikunja kurudi kwenye tone. Nafasi inabaki tupu. Kitu gani kiko karibu kabisa na mlango? Mafuta. Yanavutwa ndani.

Kama huamini chukua chupa ya maji ya plastiki, tia maji ya moto kidogo, itikise, mwaga, funga kifuniko haraka. Subiri. Chupa inajikunja yenyewe kama kuna mtu anaiminya, na hakuna mtu. Wazee wetu walilijua hili zamani sana kwa chuku, ile pembe ya kuumikia: hewa ndani ya pembe ikipungua, ngozi inavutwa juu na damu inafuata, na wale wanaotumia vikombe hutia moto kwanza ndani ya kikombe, kikipoa kinavuta chenyewe. Andazi lako linalopoa ni vikombe vidogo maelfu vimegeuziwa mdomo kwenye mafuta. (Na hapa sipigi chuku ile nyingine.)

Hili si la kubuni jikoni. Mwaka 1996 watafiti wawili, Ufheil na Escher, walichapisha jaribio la vipande vya viazi ambapo walitumia mafuta yaliyotiwa rangi, wakayaingiza kwenye ukaangaji kwa nyakati tofauti, afu wakaangalia rangi imeingia kiasi gani. Sehemu kubwa ya mafuta iliingia pale vipande vinapotolewa. Mi nilivyosoma hiyo nikakaa kimya kama dakika tano nikifikiria miaka yangu yote ya moto wa huruma.

Kwa sababu angalia nilikuwa nafanya nini. Kwanza naipua karai vitu vikiwa ndani. Yaani napunguza mvuke, mlango unaachwa wazi, na abiria wa nje amezunguka pande zote, hana hata haja ya kukimbia. Hakuna njia bora zaidi ya kulijaza andazi mafuta, nadhani hata ungeniagiza nifanye makusudi nisingefanya vizuri hivyo. Pili, nikishatoa narundika kwenye beseni, ya juu yanadondoshea ya chini, ya chini yanakaa kwenye dimbwi huku yanapoa. Tatu, gazeti naleta baadaye, mambo yakishatulia. Gazeti linafuta ya juu tu. Yaliyokwishaingia hayatoki, na lile doa kubwa nililokuwa najivunia kwamba "ona yalivyochuja" ni masalia tu, wenzao walishapanda.

Na kwa nini nilikosea kwa ujasiri hivyo? Nadhani ni kwa sababu nilifikiria moto unafungua vitundu kama jua linavyotutoa jasho, kwa hiyo moto mwingi ni vitundu vingi ni mafuta mengi. Inaingia akilini kabisa. Ni kweli vitundu vinafunguka, ila nilisahau kujiuliza kitu kinaelekea upande gani.

Ila tusiende mbio, maana kuna sehemu wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema kuvutwa kwa mvuke ndo jambo kubwa, wapo wanaosema hapana, ni ule mvuto mdogomdogo wa vijia vyembamba, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa bila kusukumwa na mtu. Pengine ni vyote, na mgawanyo unategemea unakaanga nini. Habari ya joto nayo ina utata: kwamba moto mdogo unafanya kitu kinywe mafuta zaidi, majaribio mengine yanaonyesha hivyo, mengine yanaonyesha tofauti ndogo ukilinganisha vipande vilivyokauka sawa. Ambacho hakina ubishi sana ni kwamba kukiwa na moto mdogo ganda linachelewa kushika, unakaanga muda mrefu, mapovu yanalegea. Na mapovu yakishalegea kabisa, hata kama kitu bado kiko kwenye karai, mlango umeshaanza kuachwa. Krispi zinakaangwa mpaka maji yameisha, ndo maana zina mafuta vile, na nyembamba yote ni ngozi tu haina ndani.

Usije ukaniambia basi tuwashe moto mpaka muhogo uwe kahawia. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipata joto kali, juu ya nyuzi 120 hivi, vinatengeneza kitu kinaitwa akrilamaidi, na kadiri rangi inavyokolea ndo kinaongezeka. Kwa wanyama wa maabara kimeonekana kuleta saratani, kwa binadamu anayekila kwenye chakula ushahidi bado ni dhaifu, lakini ushauri wa kuishia kwenye rangi ya dhahabu haugharimu chochote. Mimi kipimo changu ni mti wa mwiko mkavu: nauchovya, ukizungukwa na mapovu madogo ya haraka, tunaanza. Ukitoa moshi, tumepitiliza.

Basi siku hizi kwetu muhogo unaenda hivi. Nauchemsha kwanza kwa chumvi, naumwaga maji, nauacha kwenye ungo ukauke mpaka juu pawe pakavu ukigusa, maana kukausha kabla kunapunguza maji ya kutoka na hivyo nafasi ya mafuta kuingia. (Muhogo mtamu huu nasema. Mchungu ni habari nyingine, una sumu, haukaangwi tu kienyeji.) Naukata vipande vinene, kwa sababu kipande kinene kina ngozi kidogo kwa uzito wake. Naweka vichache, ukijaza karai mafuta yanapoa na unarudi kwenye moto wa huruma bila kujua. Naopoa mapovu yakiwa bado yana nguvu, natikisa palepale juu ya karai wakati mafuta bado mepesi, moja kwa moja kwenye karatasi safi, si gazeti, kwa safu moja tu. Dakika moja au mbili za mwanzo ndo zenye kazi, baada ya hapo hata ufute na taulo.

Kwa maandazi, punguza mkono kwenye sukari na beking pauda, vyote vikizidi vinafanya donge liwe la kunywa mafuta. Mafuta yaliyochoka nayo, yale yamekaangiwa wiki nzima yamekuwa mazito meusi, yanang'ang'ania kwenye ganda na yametengeneza vitu kama sabuni vinavyoyasaidia kupenya. Kwa hiyo kuokoa mafuta ya jana kunakufanya ule mengi zaidi leo. Mama wa Kibirizi hili sikumwambia.

Mtu wa Kigoma atauliza, na mawese je? Mawese nayapenda na sitayaacha kwenye mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, lakini kukaangia maandazi kwa sababu eti ule wekundu ni vitamini A, hapo mi nina neno. Wekundu kweli ni karotini, mwili unaigeuza vitamini A, ila haivumilii joto la kukaangia, ukiona mawese yamepauka kwenye karai basi ndo imeondoka hivyo. Halafu karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, alizeti ina kama sehemu moja ya kumi. Unaiona kwenye dumu lenyewe, juu mekundu yanatiririka, chini kuna mgando wa rangi ya chungwa unaochotwa kwa kijiko. Kwenye mboga, moto mdogo, mchuzi, hapo mawese yana heshima yake.

Na kuoka kupo, sufuria moto chini moto juu, muhogo uliochemshwa unapakwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Unatoka vizuri, mafuta hata hayafikii nusu. Watoto wangu wanaula ila wananiambia "hauliii", yaani hauna ule mlio wa ganda mdomoni, na hapo siwezi kubishana nao, maana mlio ule unatokana na ganda kukauka haraka kwenye mafuta na jiko la mkaa halina mbio hizo.

Kwa hiyo Jumapili karai linarudi, na mtoto wa pili ndo mwenye kijiko cha matundu. Anakining'iniza, anatikisa huku anahesabu kwa sauti mpaka kumi, na mdogo wake akinyoosha mkono kwenye saba anaanza upya.