Je, wajua kwa nini Dorothea alipoteza mali ya marehemu mumewe kwa kuolewa tena?

Katika Middlemarch, riwaya ya George Eliot iliyotoka kwa sehemu 8 kati ya Desemba 1871 na Desemba 1872, mchungaji Casaubon anafariki na kumwacha mjane kijana, Dorothea. Wasia unampa mali, lakini una nyongeza: akiolewa na Will Ladislaw, ndugu wa mbali wa marehemu, hana chake. Wengi wakifika hapo huuliza kama sheria iliruhusu jambo hilo kweli.

Iliruhusu. Kisa kimewekwa katika mji wa Middlemarch, mkoani Uingereza, kati ya 1829 na 1832, na mwenye mali wakati huo alikuwa na uhuru mpana wa kumwachia amtakaye kwa sharti alitakalo. Aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo fungu la mjane limekwisha pangwa na haliondoki hata akiolewa tena, atashangaa. Mahakama za Kiingereza zilikubali hata masharti ya kumzuia mjane asiolewe kabisa, sembuse sharti la kumkataza mwanamume mmoja.

Mke naye hakuwa na pa kushika. Fedha na vitu alivyokuja navyo viligeuka kuwa vya mume, na mapato ya ardhi yake aliyapokea mume. Familia zenye uwezo zilijikinga mapema kwa kuweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini kabla ya harusi, maskini hawakuweza. Sheria ya 1870 ilimwachia mke mshahara wake. Umiliki kamili ulikuja na sheria ya 1882, iliyoanza kutumika 1 Januari 1883, wakati Eliot amekwisha fariki.

Dorothea ana pauni 700 kwa mwaka alizoachiwa na wazazi wake, na hizo nyongeza ya wasia haizigusi. Njaa si hatari yake. Kilichomuumiza ni jina. Hakuwahi kumfikiria Will kama mchumba; sharti lenyewe ndilo lililowafanya watu waamini kwamba kulikuwa na jambo kati yao. Karatasi ile ilihitaji ndimi za mji ili ifanye kazi.

Eliot anaonyesha habari ilivyopita, mkono kwa mkono. Tantripp, mjakazi wa Dorothea, anamwambia mtumishi mzee wa nyumba ya mchungaji Farebrother. Mtumishi anawafikishia akina mama wa nyumba ile. Kijana Fred Vincy anawakuta wakiijadili, anaipeleka kwa dada yake Rosamond, mke wa daktari Lydgate. Mume anamwonya asimguse Will kwa neno hilo. Rosamond anamtania nalo Will mwenyewe, na hivyo ndivyo anavyojua. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyekusudia ubaya, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kutisha zaidi.

Mji huo huo uliweza pia kuficha. Bulstrode, mwenye benki wa mji, anapovamiwa na kashfa, kila mtu anajua isipokuwa mkewe, Harriet. Anakwenda kutembelea marafiki apate fununu. Bibi Hackbutt anamwona dirishani akija, anataka kutuma neno kwamba hayupo, kisha hamu ya kumtazama usoni inamshinda. Anampokea, na la maana halisemi. Bibi Plymdale vilevile. Mwishowe ni kaka yake Harriet anayemweleza.

Harriet anarudi nyumbani na kujifungia chumbani. Anavua mapambo yote, anavaa gauni jeusi lisilo na urembo, anazichana nywele zilale, anaweka kofia ya kawaida mahali pa ile yenye madoido. Saa mbili usiku anashuka na kumwendea mumewe, aliyekaa ameinamisha macho, anamwekea mkono, anamwambia ainue uso.