Tunguu linataka kulala

Juzi mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Morogoro aliniletea chungu cha amarilisi, ua linaloota kutoka kwenye tunguu lifananalo na kitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwaka wa tatu huu naona majani tu. Na maji napa kila asubuhi, sijakosa hata siku moja."

Nikalitoa tunguu udongoni. Kwa nje lilionekana zima, ila nilipolibonyeza kitakoni kidole kilizama, ikatoka harufu ya kitunguu kilichoozea kapuni. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linachomoka na kuacha kijiuzi kitupu mkononi. Imeuawa na maji ya kila asubuhi.

Tunguu ni ghala. Mmea umejijengea ghala hilo kwa sababu kwao kuna miezi ya shida, ya ukame au ya baridi, na miezi hiyo huipitisha umelala. Tulipu, maua mengine ya tunguu, hutaka baridi: wiki 12 au zaidi, chini ya nyuzi 9 hivi. Kwa hiyo anayeniuliza habari za tulipu huku kwetu namwambia aachane nazo. Amarilisi, ambazo asili yake ni Amerika Kusini, zinaridhika na ukame, na ukame tunao. Mimi huacha kumwagilia kuanzia Julai. Majani yakinyauka yenyewe nayakata, kisha chungu nakiweka barazani pasipofika mvua mpaka Oktoba. Hapo nakiamsha kwa maji kidogo, mara moja kwa wiki, hadi ncha ya kijani itokeze ndipo naongeza.

Kupanda kwenyewe si kazi. Chungu kizidi tunguu kwa vidole viwili tu kila upande, kwa maana udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji. Shingo na theluthi ya tunguu vibaki juu ya udongo. Mimi huchanganya udongo makopo mawili, samadi iliyooza vizuri kopo moja, na mchanga wa mtoni kopo moja. Kokoto chini ya chungu siweki tena, ingawa nilifundishwa hivyo: maji hayashuki upesi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, hutuama juu yake, palepale penye mizizi. Kipande cha chandarua kikuukuu juu ya tundu kinatosha. Chungu kikalie vipande vya matofali, na masika sahani ya chini iondolewe.

Sasa majani. Amarilisi huumba chipukizi la ua ndani ya tunguu takriban kila baada ya majani manne. Ua likishafifia, kata bua, majani yaache yapate jua na mbolea. Anayeyakata ili chungu kipendeze anakata maua ya mwakani. Yakague pia jioni. Kuna viwavi weusi wenye madoa meupe, huanza kula majani na wakiachwa hushuka hadi ndani ya tunguu. Mimi huwaokota kwa mkono.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni la kwetu wenyewe, lile ua jekundu la duara linalochomoza porini mvua za kwanza zikigusa ardhi. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kichwa kimoja kina vijiua vingi mno, vyembamba kama sindano, na chavua ya njano kwenye ncha. Lipe kivuli, chungu kizito, na usilihamishehamishe, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Langu limekaa chungu kilekile mwaka wa nne. Nunua lililooteshwa kitaluni, la porini liache porini.

Yule mama nilimkatia sehemu iliyooza mpaka nikafikia nyama nyeupe, nikapaka majivu, nikamwambia aliache likauke kivulini siku kadhaa kabla ya kulipanda upya. Na asiliweke jikoni. Matunguu haya yana sumu, na yakishakauka yanafanana mno na vitunguu vya mboga. Kwangu boksi lake nimeliandika kwa rangi nyekundu: SI CHAKULA.