Kabla ya kijiti na sindano: nani alikuwa akiamua?

Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu ya kila siku ni kliniki ya mama na mtoto katika Wilaya ya Rungwe. Hoja ninayokutana nayo mara kwa mara, hasa kutoka kwa waume na mama wakwe, ni kwamba uzazi wa mpango ni jambo la wageni. Ninawaheshimu wanaoitoa, lakini historia ya Nyanda za Juu Kusini haikubaliani nao.

Huku kwetu uzazi ulipishanishwa kabla zahanati ya kwanza haijajengwa. Mama alinyonyesha kwa miaka miwili au zaidi, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ilitazamiwa kwamba mume asimkaribie, kwa hofu kwamba mtoto angebemendwa, yaani angedhoofika na kuugua kwa sababu wazazi wake walirudiana mapema. Hofu hiyo haina msingi wa kitabibu. Hata hivyo, kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, kwa kweli huchelewesha kupevuka kwa yai, na mtoto aliyekuwepo alipata nafasi ya kukua. Baadaye wanaume wengi walipokwenda kwenye mashamba ya mkonge au migodini, umbali nao ulipishanisha uzazi, ingawa hapo hapakuwa na aliyeamua lolote. Kwa hiyo nia ya kupishanisha tulikuwa nayo. Neno la mwisho ndilo ambalo mwanamke hakuwa nalo.

Kidonge cha kuzuia mimba nacho hakikuanza na haki. Mwanaharakati Margaret Sanger alikipigania nchini Marekani, tajiri Katharine McCormick akatoa fedha, na mwanasayansi Gregory Pincus pamoja na daktari John Rock wakakifanyia utafiti. Mwaka 1956 walianza kukijaribu kwa wanawake maskini wa Puerto Rico, ambao wengi wao hawakuelezwa kwamba dawa ilikuwa bado kwenye majaribio. Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia zoezi hilo, aliandika kwamba asilimia 17 ya wanawake walipata kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika na maumivu, na kwamba kwa maoni yake maudhi hayo yalizidi kiwango cha kukubalika. Hakusikilizwa. Kidonge kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960 kama njia ya kuzuia mimba, kikiwa na miligramu 0.15 za estrojeni, ilhali vidonge vya majira tunavyotoa leo kwa kawaida vina 0.03. Wanawake wale walikuwa wakisema kweli, na bado inaniuma kwamba ilichukua miaka mingi kuwaamini.

Nchini kwetu huduma ilianza Dar es Salaam mwaka 1959, kupitia chama cha hiari ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI (Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania), na mwaka 1989 serikali ikaanzisha mpango wa taifa. Mwongozo wa huduma hizo wa mwaka 1994 ulitamka kwamba kila mtu aliye katika umri wa kuzaa ana haki ya kupata elimu na huduma, bila kujali kama ameolewa au ana watoto wangapi. Mwaka huohuo mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo, uliyatoa mazungumzo ya dunia kwenye hesabu ya watu na kuyaelekeza kwenye haki ya mtu mmoja mmoja. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa takriban asilimia 7 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31.

Takwimu hizo zinanifurahisha, lakini hazionyeshi jambo ambalo kwalo mimi huipima haki, nalo ni kuondolewa kwa njia mteja anapotaka. Kijiti, yaani kifimbo chembamba chenye homoni ya kuzuia mimba, huwekwa kwa dakika chache: ganzi kidogo upande wa ndani wa mkono usiotumika sana, kisha kinasukumwa chini ya ngozi, na mama anaweza kukigusa kwa kidole. Kukitoa kunahitaji mkono wenye ujuzi zaidi, na mteja anayekuja kabla ya muda, akilalamika kwamba damu haikatiki, mara nyingi huambiwa kwamba hayo ni maudhi madogo madogo, avumilie. Maelezo hayo huweza kuwa sahihi, na wengi hubaki na kijiti chao wakishaeleweshwa vizuri. Lakini akisema bado anataka kitolewe, kinatolewa siku hiyo, naye hadaiwi sababu. Mhudumu anayekataa anarudia kosa la Puerto Rico.

Huwaeleza pia tofauti ambayo watu wengi hawaambiwi mapema. Baada ya kijiti, au kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kutolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata ndani ya wiki chache. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha, kwa wastani takriban miezi 10 tangu ya mwisho kuchomwa, kwa hiyo anayetaka mtoto mwakani anapaswa kulijua hilo kabla hajanyoosha mkono, si baada ya kuanza kudhani kwamba ameharibiwa kizazi.