Anza na kitako, mtutu waachie waliosomea: ushauri kwa anayetaka kujiundia bunduki kwa mara ya kwanza

Kwenye meza yetu ya ukaguzi uko mtutu ambao ukiuangalia haraka utasema hauna kasoro. Rangi yake nyeusi haijachubuka na mdomo wake ni safi. Lakini upitishe kidole gumba taratibu kuanzia nyuma kwenda mbele, na karibu na katikati kidole kitapanda kilima kidogo kisha kishuke. Chuma kimevimba pale kikazunguka mtutu mzima kama pete. Mwenyewe alikuwa amejikusanyia vipuri na kujiundia bunduki nyumbani. Alifyatua akasikia mlio mdogo usio wa kawaida, akadhani risasi mbovu tu, akafyatua nyingine. Ile ya kwanza haikuwa imetoka. Ilikuwa imekwama ndani, na ya pili ikaja kuipiga kisogoni. Alinusurika na mikono yake miwili, jambo ambalo sisi wakaguzi hatulioni kila mara.

Namleta mtu huyu mbele kwa sababu swali alilokuja nalo kabla ya mkasa ndilo ninaloulizwa zaidi na wanaoanza uraibu huu: ninunue vipuri gani, na zana gani, ili bunduki yangu ya kwanza niiunde mwenyewe? Jibu langu halijabadilika. Bunduki ina sehemu zinazobeba presha na sehemu zisizobeba. Mtutu, chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), boliti (kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma) na mwili unaoishika boliti ni vya presha, na mikono inayoanza haina kazi ya kufanya humo. Kitako, mkanda, darubini na kazi nzima ya usafi na upimaji ni uwanja wako, tena ni uwanja mpana kuliko watu wanavyodhani.

Tairi la gari dogo linabeba presha ya baa 2 na ushei. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia baa 2,350, na risasi ya bunduki ya .223 (namba za namna hii hutaja takriban upana wa risasi kwa inchi) inafika baa 4,300. Presha hiyo hupanda na kushuka ndani ya muda usiozidi kufumba na kufumbua, sentimita chache kutoka kwenye uso wa mfyatuaji. Chuma kinachozuia mlipuko huo kisiufikie uso wako kimechaguliwa kwa aina yake na kimepashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Vyuma viwili vinaweza kufanana kwa rangi, uzito na mng'aro, kimoja kikahimili maelfu ya risasi na kingine kikapasuka kwa ya kwanza. Jicho halitofautishi, na tupa haitofautishi. Ndiyo maana binadamu alibuni ukaguzi wa kufyatua.

Ukaguzi huo ni wa kale. Chama cha wahunzi wa bunduki cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637. Liège, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, ilianza kupima mitutu kwa amri ya mtawala wake mwaka 1672, na Birmingham ikapata nyumba yake ya ukaguzi kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Mwaka 1914 nchi kadhaa zilikubaliana kuwa na tume moja ya kimataifa, ijulikanayo kwa herufi C.I.P., inayoweka vipimo vya chemba na viwango vya presha. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: bunduki hufungwa mahali ambapo hakuna mtu, ikafyatuliwa kwa risasi iliyotengenezwa makusudi kuzidi kiwango cha juu kwa asilimia 25 hadi 30 kutegemea aina yake, halafu hukaguliwa tena. Iliyosalimika hupigwa muhuri kwenye chuma. Alama hizo ndogo kando ya chemba, ambazo wengi huziona kama mapambo, ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeijaribu bunduki hiyo kwa ukali kuliko utakavyoitumia wewe.

Muhuri huo una masharti. Ukichimba chemba zaidi, ukapunguza unene wa mtutu au ukabadili sehemu ya presha, muhuri hauisemei tena bunduki uliyonayo mkononi, hata kama bado unasomeka vizuri. Bunduki iliyounganishwa kutokana na vipuri vya huku na huku, au yenye vipande vya plastiki vilivyochapwa nyumbani, haina hata alama ya kuanzia.

Kuna na sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama zihakikishe kila silaha inatiwa alama wakati wa kutengenezwa, na zihesabu kutengeneza bila kibali kuwa kosa la jinai. Nchi nyingi ndivyo zilivyo. Marekani sheria ya taifa humruhusu mtu kujitengenezea kwa matumizi yake, lakini majimbo kadhaa yameongeza masharti yao, kama California inayodai namba ya utambulisho. Kabla hujanunua kipuri kimoja, nenda kwa mamlaka inayotoa vibali uulize, na jibu ulipate kwa maandishi.

Sehemu moja isiyobeba presha naomba nayo uiache: kifyatulio. Wanaoanza hupenda kukilainisha, wakasugua vijino vyake kwa msasa ili bunduki ivutike kwa urahisi. Kushikana kwa vijino hivyo ndiko kunakoizuia bunduki isijifyatue ikianguka. Ukiondoa kiasi kidogo tu, au ukibadili pembe yake, unabaki na bunduki inayosubiri kugongwa.

Sasa kitako. Hapa ndipo ninapotaka mikono yako ianzie, na nasema hivi kwa mapenzi ya kazi yenyewe. Nunua bunduki iliyokamilika, yenye muhuri na kibali, kisha uitengenezee kitako chako cha mbao. Utajifunza jinsi bunduki ilivyopangika kuliko yule aliyebana vipuri kumi vya kununuliwa.

Ubao utazame kwanza kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Nyuzi za mbao zinapaswa kwenda sambamba na shingo. Zikikatiza mshazari, kitako kitapasuka hapo siku moja, kwa sababu kila kishindo hupita mahali pembamba zaidi. Mti wa jozi umependwa na mafundi kwa karne nyingi kwa kuwa ni mgumu bila kuwa mzito mno, na ukishakauka haujipindi ovyo. Ubao usiokauka usiuguse hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Utachonga leo ukae sawasawa, na baada ya miezi mitatu chuma hakitaingia.

Kuingiza chuma kwenye mbao ndiyo subira yenyewe. Mafundi wa zamani walitumia masizi ya taa, na hadi leo sijaona njia bora ya kufundishia. Unapaka chuma utando mwembamba wa masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, unakiweka kwenye mbao, unakibonyeza, unakitoa. Panapogusa pamebaki doa jeusi. Unakwangua doa hilo peke yake kwa patasi kali, unyoya wa mbao mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Unarudia. Mara ya kwanza utaona madoa matatu. Mara ya hamsini utaona weusi umetanda sawasawa, na hapo chuma kimekaa. Sehemu muhimu kuliko zote ni nyuma ya jino la chuma linalopokea kishindo. Jino hilo lisipoegemea mbao kwa upana wake wote, kila mlio utasukuma nukta moja hadi mbao ichanike. Upande wa mbele, mtutu wa bunduki nyingi za boliti usiguse mbao kabisa. Chukua kipande cha karatasi kikizungushe chini ya mtutu ukivute kutoka mdomoni kuelekea kwenye chemba. Kikikwama, panagusa. Malizia kwa msasa na mafuta ya kitani, tabaka jembamba, siku nyingi.

Zana za kuanzia ni chache. Bisibisi ndiyo inayodharauliwa mno. Ile ya kawaida ina ncha ya kabari, kwa hiyo inashika ukingo wa juu tu wa mfereji wa skrubu. Ukikaza inapanda, inateleza, inaacha kovu kwenye skrubu na mkwaruzo kwenye chuma. Bisibisi ya fundi wa bunduki ncha yake imenyooka pande zote mbili na inajaza mfereji hadi chini. Nunua seti nzima, kwa kuwa kila skrubu inadai upana wake. Ongeza panchi za shaba za kusukumia pini, nyundo ndogo ya shaba, na jiliwa yenye meno yaliyofunikwa ngozi. Ukifunga darubini, tafuta spana ndogo ya kupimia nguvu ya kukazia. Skrubu za pete za darubini hukazwa kwa takribani nyutoni-mita 2, nguvu ambayo mkono wenye hamasa huipita bila kujua, na bomba la darubini likabonyea. Soma alichoandika mtengenezaji, uishie hapo hapo.

Kabla zana haijagusa bunduki, risasi zitoke kwenye chumba hicho, siyo mezani tu. Fungua boliti, tazama chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukitaka kujaribu mwendo wa kifyatulio tumia risasi bandia za mazoezi, hasa kwenye bunduki za .22, kwa sababu pini yake hupiga ukingo wa chemba panapokosekana kitu.

Chombo cha kupimia umbali kati ya uso wa boliti na mahali risasi inapokomea ni kitu cha kustaajabisha. Ni vipande viwili vya chuma: boliti inapaswa kufunga juu ya kimoja na ikatae kufunga juu ya kingine. Tofauti kati ya viwili hivyo, kwa risasi ya .308, ni sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Nafasi ikizidi, ganda la shaba hunyooka kwa nyuma hadi likakatika na gesi ikatafuta njia. Kipimo hiki kifanywe na fundi mwenye leseni, lakini dalili yake unaweza kuiona mwenyewe: okota maganda uliyofyatua, uyazungushe kwenye mwanga. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako chake ni wito wa kusimama. Usifyatue tena siku hiyo.

Kuna mchanganyiko wa risasi ambao umeua bunduki nyingi nzima. Bunduki ya marisau ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba zaidi) ukiitia kwa bahati mbaya ganda la geji 20, ganda hilo huteleza likaingia mbele ya chemba likakwama. Unatazama, chemba iko tupu, unatia la geji 12 nyuma yake. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 kwa desturi hutengenezwa kwa rangi ya njano. Vivyo hivyo risasi ya .300 Blackout hutumia magazini ileile ya .223, na wakati mwingine hukubali kusukumwa kwenye chemba ya .223, ingawa kichwa chake ni kinene kwa milimita mbili zaidi ya tundu la mtutu. Mwenye bunduki za aina zote mbili azitenganishe kwa rangi, na asipeleke uwanjani risasi za aina mbili siku moja.

Usafi nao una siri yake. Mdeki uingie kutokea upande wa chemba kila inapowezekana, kwa sababu ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi, na ukiukwangua kila wiki shabaha itapotea bila wewe kujua sababu. Ukitumia risasi za zamani za kijeshi, tambua kwamba nyingi zilikuwa na fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti, inayoacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuanzisha kutu, na mafuta hayaiondoi hata kidogo. Kinachoiondoa ni maji ya moto. Mimina kwenye mtutu siku ileile, kausha, ndipo upake mafuta. Wengi husita kumwaga maji kwenye bunduki, na nimeiona mitutu mizuri iliyooza kwa kusita huko.

Mlio wa bunduki nyingi huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru sikio moja kwa moja. Ziba masikio na vaa miwani hata ukiwa mtazamaji. Moshi wa fataki nyingi una risasi, ile madini yenye sumu, basi usile wala kuvuta sigara mezani, na unawe kwa sabuni kabla hujambeba mtoto.

Kitako chako kikiisha, kipeleke uwanjani, fyatua mara kumi, kisha ukilegeze tena utazame ndani. Skrubu zitakuwa zimepungua ukazo kidogo kwa sababu mbao imebanwa. Paka masizi upya nyuma ya lile jino. Doa likiwa limesogea upande mmoja, chukua patasi.