Kwa nini sheikh aliyemfunga kilemba Amiri wa Kabul aliuawa kwa mawe?

Habibullah Khan alipotawazwa kuwa Amiri wa Afghanistan mwaka 1901, aliyepewa heshima ya kumfunga kilemba ni Sahibzada Abdul Latif, mwanazuoni mkubwa wa Khost. Tarehe 14 Julai 1903, chini ya utawala wa Amiri huyohuyo, sheikh huyo alipigwa mawe hadi kufa mjini Kabul.

Abdul Latif alikuwa na ardhi, wanafunzi wengi na sauti iliyosikilizwa ikulu. Katika miaka ya 1890 alishiriki upande wa Afghanistan katika kuweka alama za mpaka wa Durand, yaani mpaka kati ya nchi hiyo na India ya Waingereza. Vitabu vya Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, Punjab (India), mwanzilishi wa jumuiya ya Ahmadiyya aliyedai kuwa ndiye Masihi Aliyeahidiwa, vilimfikia katika miaka hiyo, akawa anawatuma wanafunzi wake huko. Mmoja wao, Maulvi Abdul Rahman, aliporudi Kabul alitiwa gerezani na kunyongwa mwaka 1901. Kwa hiyo Sahibzada aliijua hatari kabla ya kuikabili mwenyewe.

Mwaka 1902 aliomba ruhusa ya kwenda Hija. Tauni na masharti ya karantini vilikuwa vimebana njia ya mahujaji wa India, akaishia Qadian, akafanya baia, yaani kiapo cha utii kwa Mirza, na kukaa miezi kadhaa. Aliporudi Khost hakujificha: alimwandikia ofisa mmoja wa Kabul, akimwomba amfikishie Amiri habari za Masihi Aliyeahidiwa. Barua hiyo ndiyo iliyomfikisha kizuizini.

Mashtaka yalikuwa na pande mbili. Upande wa dini, masheikh walisema kuamini kwamba Nabii Isa alikwisha kufa, na kwamba Masihi aliyeahidiwa amekuja katika umma huu, ni kuritadi. Upande wa siasa ndio ambao husahauliwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ulikuwa na uzito mkubwa. Mirza alifundisha kwamba zama hizi hazina jihadi ya upanga, huku maamiri wa Kabul wakijijengea uhalali kama walinzi wa Uislamu dhidi ya Waingereza. Mtu mwenye wafuasi mpakani anayefundisha hivyo alionekana tishio. Sardar Nasrullah Khan, nduguye Amiri, alikuwa miongoni mwa waliomshinikiza zaidi.

Kwa mujibu wa simulizi za Waahmadiyya, alifungwa minyororo mizito kwa takriban miezi minne. Mjadala wake na masheikh ulifanywa kwa maandishi, na karatasi hazikuonyeshwa kwa watu. Kilichomfikia Amiri ni fatwa ya ukafiri tu. Hoja za mshtakiwa hakuzisoma. Hapo ndipo haki ilipopotea, kwa kuwa hakimu wa mwisho alihukumu bila kuujua utetezi. Amiri alimsihi mara kwa mara aikane imani yake ili aachiliwe, naye akakataa kila mara.

Simulizi hizo zinaeleza kwamba alitobolewa pua ikapitishwa kamba, akavutwa hadi uwanjani, akafukiwa hadi kiunoni. Hata hapo Amiri alimtaka akane. Kadhi aliyetoa fatwa alitupa jiwe la kwanza, kisha umati ukafuata.

Mirza Ghulam Ahmad aliandika kitabu kizima kuhusu mashahidi hao wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, mwaka huohuo wa 1903. Mauaji hayakuishia hapo: tarehe 31 Agosti 1924, enzi ya Amanullah Khan, mwana wa Habibullah, Maulvi Nimatullah Khan naye alipigwa mawe Kabul kwa sababu ya imani hiyohiyo.