Kisu cha kukunja cha babu: king'arishwe au kiachwe?

Wengi hapa Dar es Salaam huamini kwamba kisu cha kukunja cha zamani kikipelekwa kwa fundi kikang'arishwa, bei yake hupanda. Kwa wakusanyaji, mara nyingi ni kinyume. Mashine ya kung'arishia hula chuma na kufuta chapa iliyogongwa karibu na bawaba, mathalani ile ya Sheffield, Uingereza. Na chapa ndiyo hukitambulisha kisu.

Weusi wa kijivu kwenye chuma cha kaboni (kile kisicho chuma cha pua) hauna madhara. Adui ni kutu, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Weka tone la mafuta ya cherehani, ufute: kitambaa kikiwa chekundu, hiyo ni kutu. Fundi mlipe kama springi imekatika nawe unataka kukitumia. Changu nimekiacha na weusi wake. Maembe kinamenya vilevile.