Kinachoupa Mgomo wa Amani Nguvu

Katika kazi yangu ya kufundisha historia ya harakati za wafanyakazi hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa zaidi ni kama watu wasio na silaha wanaweza kweli kumlazimisha mwenye dola au mwenye mali kubadili msimamo. Anayeuliza huwa na picha ya umati barabarani, mabango na mabomu ya machozi, na kwa picha hiyo ana haki ya kuwa na shaka, kwa sababu umati peke yake unaweza kutawanywa kwa saa moja. Umati, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Mamlaka yoyote, iwe ya serikali, ya mwajiri au ya mkoloni, husimama juu ya kazi za kila siku za watu wengi wanaoitii: anayeshusha mzigo, anayeandika hati, anayelipa ushuru, anayepanda basi na kutoa nauli. Harakati isiyotumia mabavu hushinda inapoondoa utii huo kwa mpango, kwa muda wa kutosha, na mahali ambapo pengo lake haliwezi kufichika.

Mfano ulio karibu nasi ni bandari ya jiji hili. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli zilitia nanga katikati ya bandari, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi ufukweni, ambako makuli waliipokea kwa mabega yao. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, na kwa hiyo walionekana hawana cha kumtishia mwajiri, kwani aliyekataa leo angeweza kubadilishwa kesho. Septemba 1947 waligoma kwa pamoja, wafanyakazi wa reli wakaungana nao, na mgomo ukasambaa kufuata njia ya reli hadi miji ya bara. Meli iliyokaa nangani na shehena yake ni hasara inayokua kila siku, na hakuna askari anayeweza kuishusha kwa kuwatisha watu ambao hawapo kazini. Shauri lilipelekwa kwenye usuluhishi, vibarua wakapata nyongeza kubwa ya ujira, na wakaunda chama chao.

Mgomo wa Februari 1950, katika bandari ileile, ulikwenda vingine. Safari hii ulizuka ugomvi, wagomaji wakapambana na polisi, na chama kikaishia kufutwa. Sidai kwamba ghasia ndizo sababu pekee, maana waajiri walikuwa wamejiandaa zaidi na wafanyakazi wenyewe walikuwa wamegawanyika. Lakini mjadala wa ujira na masharti ya kazi ulizimika siku ileile vurugu zilipoanza. Kuanzia hapo lililozungumzwa lilikuwa usalama wa mji, na katika suala hilo serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa na bunduki.

Wasomaji wengi mnakumbuka Kariakoo ya Mei 2023. Jumatatu ya tarehe 15 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi na utaratibu wa kusajili stoo. Aliyepita mitaa ile aliona milango ya chuma imeshushwa, mikokoteni haina cha kubeba, na wanunuzi wa jumla wakizunguka na fedha zao mfukoni. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao Mnazi Mmoja, akasitisha mambo yaliyolalamikiwa, na kamati ikaundwa. Maduka yalifungwa tena Juni 2024, na safari hiyo miji mingine ikafuata. Kwangu hilo linaonyesha kwamba ahadi iliyopatikana kwa mgomo inahitaji watu wa kuifuatilia baada ya kufuli kufunguliwa, na kazi hiyo isiyopigwa picha ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Linalodharauliwa zaidi ni mafunzo. Huko Nashville, Marekani, kabla ya wanafunzi weusi kwenda kukaa kwenye kaunta za chakula zilizotengwa kwa wazungu mwaka 1960, James Lawson, mwanafunzi wa theolojia, aliwafundisha kwa miezi mingi. Baadhi yao walikaa vitini kama wateja na wenzao wakaigiza wazungu wenye hasira, wakiwatukana, wakiwapulizia moshi wa sigara usoni na kuwasukuma hadi chini, ili kila mmoja ajue mapema mwili wake utafanya nini hasira ikimpanda. Walijifunza kukinga kichwa wanapoanguka, na kumkinga mwenzao anayepigwa. Kanuni zao ziliandikwa: usirudishe pigo, usitukane, kaa wima na uelekee kaunta. Februari 27 walishambuliwa kweli, na polisi wakawakamata wanafunzi waliokuwa wamekaa. Kila kundi lilipoondolewa, kundi jingine liliingia na kukalia viti vilevile. Wakati huohuo familia za watu weusi zilisusia maduka ya katikati ya mji. Mei 10 kaunta zikaanza kuwahudumia. Ninaamini kabisa kwamba bila mazoezi yale kijana mmoja angerusha ngumi, na habari ya kesho yake ingekuwa hiyo ngumi.

Ni lazima pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Maandamano na migomo ni haki zilizomo ndani ya sheria zetu. Ibara ya 20 ya Katiba inatambua uhuru wa kukusanyika, Sheria ya Polisi inamtaka mwandaaji atoe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na notisi kutolewa. Kukaidi sheria kwa amani ni jambo jingine: mtu anavunja makusudi sheria anayoiona dhalimu, hadharani, bila kuficha uso, akiwa tayari kubeba adhabu. Gandhi alimwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, tarehe 2 Machi 1930, akamweleza atakachofanya. Siku kumi baadaye akaanza kutembea kuelekea Dandi, kijiji cha pwani, na Aprili 6 akaokota chumvi ambayo sheria ilimkataza kuigusa. Mwaka ule watu wapatao 60,000 walitiwa gerezani, na magereza yaliyojaa yakawa mzigo wa aliyewafunga.

Njia hii haina uhakika. Watafiti wa Marekani Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006, wakakuta zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, na za silaha kwa asilimia 26. Zile za amani zilizoshindwa ni nyingi, na baadhi zilizimwa kwa damu, kama Sharpeville, Afrika Kusini, mwaka 1960, ambako polisi waliua watu 69. Hata ushindi huchelewa: wanawake wapatao 20,000 walisimama kimya Pretoria Agosti 9, 1956, kupinga pasi, yaani vitambulisho ambavyo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha watu weusi kubeba, na sheria za pasi zikafutwa mwaka 1986.

Kwa hiyo viongozi wa vyama wanaponijia kutaka ushauri, huwauliza kwanza kuhusu mfuko, kabla ya tarehe na kabla ya mabango. Wakazi weusi wa mji wa Montgomery, Marekani, walisusia mabasi yaliyowabagua kwa siku 381 kwa sababu waliandaa magari yapatayo 300 ya kuwapeleka watu kazini, wakapanga vituo vya kuwachukulia na wakachanga fedha za mafuta. Nataka nijue wanachama wana akiba ya kuwalisha kwa wiki ngapi, nani atamlipa wakili, na nani atapeleka unga nyumbani kwa yule atakayekamatwa siku ya kwanza.